Ufuta kabla ya Lori

Jumatano, mwezi wa Juni

Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa linakuja kesho, na ufuta ulikuwa bado umesimama uani kwa mafungu. Maganda yamekauka, yameanza kupasuka. Ukiupakia hivyo, mbegu zote zinamwagika njiani.

Kuukung'uta kunataka watu wawili. Miaka yote mimi nilipindua fungu juu ya turubai, marehemu mke wangu Nyamizi akaligonga polepole kwa kijiti. Leo nilijaribu peke yangu. Mbegu nyingi zilianguka mchangani.

Jirani yangu, Mama Shija, akanikuta.

"Shikamoo, baba. Mbona unaupiga hivyo, umekuibia nini?"

Nikacheka, kisha nikaona aibu, maana kaburi la Nyamizi liko pale pale nyuma ya nyumba.

Akashika kijiti yeye. Anagonga kwa nguvu kuliko Nyamizi, lakini mbegu ya msimu ujao tumeipata.

Alipokuwa anaondoka akageuka. "Baba, umesahau fungu moja kule kaburini."

"Sijalisahau, mwanangu."

Mvua zikija, litakuwa limeshajimwaga lenyewe, na mbegu zitaota pale. Huko tuendako mimi nitalima shamba la kijiji. Nyamizi atabaki na la kwake.