Nafasi ya Namba Nane

Unionville, Toronto
9 Septemba 2012

Shoga yangu Godelive,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la shemeji Félicien limepata nafuu. Sisi hatujambo, ila macho yangu yamechoka; nasoma kwa kuvaa miwani juu ya miwani.

Uliuliza habari za wajukuu. Almina, binti wa mwanangu Moez, ametimiza miaka kumi na tisa. Anaelewa Kiswahili chote nisemacho na hunijibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka mandazi. Anacheza mpira wa miguu, wala si wa kujifurahisha tu. Mwezi wa sita alikwenda kujaribiwa na klabu ya wanawake ya mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa Hispania. Alirudi na kitabu chembamba cha historia ya klabu, akasema dadima, ndivyo aniitavyo mimi bibi yake, asomaye kila kitu asome na hiki. Nikakisoma kwa kamusi ya maktaba, kurasa mbili kwa siku.

Klabu iliundwa mwaka 1983 na wanawake wa kiwanda cha kusindika dagaa. Wanaume waliwaachia uwanja saa moja tu ya Jumapili, wakati wa chakula, kisha wakawanyang'anya hata hiyo. Miaka miwili walifanya mazoezi ufukweni, maji yakipwa. Jezi za kwanza zilishonwa kwa aproni za kiwandani, zikanuka samaki msimu mzima. Wapinzani wakawaita paka. Wao wakakubali, na paka yumo kwenye nembo yao hadi leo. Mwaka 2001 walipanda daraja, wakashuka, wakapanda tena.

Agosti ikaja barua yao ya kumkubali Almina, wakitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa barua kisandukuni. Moez alikwisha sema kwamba mpira si kazi na chuo kikuu hakimngoji mtu. Mimi sikuwa na hoja yoyote. Sikutaka tu nyumba ibaki kimya. Nikaificha ndani ya debe la unga.

Siku ya tatu barua ikiwa debeni, nilifika kwenye picha ya mechi ya kwanza. Chini yake zimepangwa namba na majina, lakini mbele ya namba nane hapana jina. Baba wa msichana yule alimzuia asubuhi ileile, wakacheza kumi. Mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa hakucheza. Wenzake wakakataa kuifuta namba.

Nikafunga kitabu, nikampa Almina barua. Aliitazama bahasha, kisha vidole vyangu vyeupe, akaniuliza kwa Kiswahili, "Dadima, imekaa wapi?" Nikamwambia. Hakunikemea. Ameondoka Jumatano, Moez alimpeleka uwanja wa ndege, akambebea mabegi yote.

Godelive, unalikumbuka sanduku la posta la duka la baba pale Kigoma, lililopokea barua za nusu ya mtaa, nami nikizigawa. Mwaka 1962 ulingoja kuitwa Tabora, kwenye timu ya mpira wa pete ya jimbo. Wiki tatu ulikuja dukani kila siku, nikakwambia hakuna. Treni ilipoondoka ulisema pengine hukuwa hodari vya kutosha.

Barua yako ilifika siku ya nne. Baba alikuwa amenikataza kucheza mbele za watu, nami sikuweza kuvumilia uende bila mimi. Nimehama nayo kutoka Kigoma, na hapa nimeishi nayo nyumba tatu. Naiambatisha. Sijapata kuifungua, lakini nikiipapasa nasikia ndani kadi ngumu, kama tikiti ya treni.

Ulikuwa hodari vya kutosha.

Nisalimie Félicien, watoto, na majirani wanaonikumbuka. Usipojibu nitaelewa. Ukijibu, usihofu barua kupotea: ufunguo wa kisanduku nimemkabidhi Moez.

Ni mimi,
Gulnar wa dukani