Vumbi la Ovaroli

Iyunga, 9 Machi 1976

Baba Seni,

Sisi wazima, mvua inanyesha vizuri. Seni ameng'oka jino la mbele.

Ile kona ya shamba nilikokuwa nakung'uta ovaroli yako kila jioni ulipotoka kwenye mashine ya kusaga mawe, mahindi yamenipita kimo. Kwingine yana unjano. Bwana shamba akaniuliza nimeweka mbolea gani. Niliona aibu, nikasema samadi. Akachota udongo, akacheka: "Mama, hili vumbi la mawe. Limeushibisha udongo."

Basi nimebeba vikapu ishirini kutoka kwenye lundo mliloliacha mashine ilipohamia Iringa, nikamwaga kati ya mistari, shamba zima, peke yangu. Ila jioni bado najikuta nimesimama kwenye kona ile, mikono mitupu.

Zubery muuza vitunguu anasema alikuona Ruaha Mbuyuni. Nilimuuliza kama umekonda. Akasema hapana, umependeza, ovaroli yako haina hata chembe ya vumbi.

Baba Seni, kama bado unasaga mawe, nani anakukung'utia?

Mkeo,
Regina