Kosa la Jirani

4 Februari

Baba, shikamoo,

Natumai mgongo umepata nafuu. Sisi huku maabara tu wazima, ila macho yamechoshwa na hadubini.

Uliniuliza kilichomnyima Shangazi usingizi hadi kikamuua. Si bakteria, hao hunakili jeni zao, kisha mmoja hugawanyika wakawa wawili. Si virusi; wanaingia ndani ya seli na kuilazimisha ivinakili. Ni prioni: protini tu, iliyokunjika vibaya. Haina jeni, haizai. Ikiigusa protini nzima iliyo jirani, nayo hukunjika vile vile, hadi ubongo unaharibika. Kwa Shangazi ilianzia kwenye jeni yenye kasoro, ya kurithi. Nawe ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja.

Nakuomba utoe damu ipimwe.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu, marahaba,

Mgongo hauna neno. Barua yako imefika, nami nimeitia wino mwekundu. Umeandika virusi "wanaingia", kisha "ivinakili". Je, wana uhai au havina? Amua, ndipo uandike. Usomi wote huo!

Hiyo prioni naielewa kuliko unavyodhani. Nilipoanza kufundisha, mtoto mmoja alisema "kitabu yangu". Jumatatu alikuwa peke yake. Ijumaa safu nzima ya dirishani ilisema "kitabu yangu". Hakuna aliyemfundisha mwenziwe. Walikaa jirani tu.

Damu sitoi. Nikijua, nitafanya nini? Dawa unayo?

Baba yako

2 Machi

Baba, shikamoo,

Nimesahihisha: virusi vinaingia. Nje ya seli havifanyi lolote, basi nimevinyima uhai. Umeridhika, Mwalimu?

Dawa sina. Lakini kama wewe huna jeni hiyo, nami sikuirithi kwako, wala mtoto niliye naye tumboni hataipata. Sikuombi kwa ajili yako tu.

Binti yako

17 Julai

Binti yangu, marahaba,

Nisamehe kwa kukawia. Barua lako nimelipata. Usingizi imenikimbia, lakini nguvu ninazo, na mama wa nyumba ya pili ananiletea maziwa.

Jana nilikwenda hospitali wakachukua damu. Ni kwa ajili ya mjukuu wangu, si kwa ubishi wako. Kitabu yangu ya sarufi nimemwekea mezani, aikute. Tumbo linaendeleaje?

Nimeisoma hii mara mbili kabla ya kuifunga. Haina kosa hata moja, kwa hiyo usijisumbue kunitafutia.

Baba yako

25 Julai

Baba, shikamoo,

Barua lako nimelipata. Nimelisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikalirudia. Halina kosa.

Majibu ya damu yakitoka usiyafungue. Nimeomba likizo, Jumamosi nitakuwa hapo, na nitajifungulia kwako.

Kitabu yako ya sarufi iache hapo hapo mezani. Tutaisoma wote.

Binti yako