Sentensi Niliyoiruka

Mpendwa wangu Mama Neema,

Mkeka wako bado uko nyuma ya mlango, umekunjwa. Kila asubuhi naukunjua, nalala chali, nakunja magoti na kuhesabu pumzi kama tulivyofundishwa. Mgongo wangu ulioanza kunisumbua tangu masika sasa unatulia. Mtu mwingine angefurahi. Mimi utulivu huu unanitisha, na wewe ndiye ninayepaswa kukueleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe nilikuficha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiinuka kutoka kwenye palizi ya maharage? Kwanza unashika jembe, kisha goti, kisha unasimama nusu na kungoja, macho yameelekea vilima vya Burundi kama mtu anayesikiliza jambo. Miaka minne uliishi hivyo. Ulichanjwa kwa wembe na kupakwa dawa, ukapigwa chuku, ukameza vidonge vya dukani mpaka tumbo likakataa. Ndipo Neema wetu akapiga simu kutoka kwa mumewe kule Nyarubungo. "Baba, mpeleke mama kwa watu wa mazoezi ya viungo. Ulisoma ili iweje?"

Tukaenda hospitali. Yule binti wa mazoezi alikuwa mgeni wa huku, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinakimbia. Wewe Kiswahili cha sokoni hukushindwa nacho, lakini cha hospitali kilikuchosha, kwa hiyo nikakaa katikati yenu nikitafsiri kwa Kihangaza chetu. Niliifurahia kazi hiyo, unanijua. Alieleza kwamba maumivu yakikaa muda mrefu, mwili huzoea kujikaza hata pasipo na hatari, na pumzi ndefu huufundisha tena kulegea. Nilikueleza hayo mara tatu, na mfano wa kamba ya ng'ombe nikauongeza mwenyewe.

"Mwalimu," ukasema, "yeye katamka maneno machache. Wewe mbona unahubiri?"

Akakuonyesha zoezi la yoga, la kupiga magoti na viganja chini, kuinua mgongo kama paka aliyeamka kisha kuushusha taratibu. Ukataka nimuulize mkwe wako akikukuta hivyo utamweleza nini. Binti alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakufundisha kukaa kimya na kuyatazama maumivu yako kama mgeni aliyekaa barazani, bila kumfukuza wala kumpikia. Hilo ulilipenda.

Mwishoni akafunga daftari, akanitazama mimi.

"Mzee, mfafanulie mama na hili. Maumivu yakipungua, vizuri. Lakini mguu ukianza kufa ganzi, au kidole gumba kikishindwa kunyanyuka, au akishindwa kuzuia mkojo, msifurahi hata kama maumivu yamekwisha. Njooni siku hiyohiyo. Mshipa wa fahamu ukibanwa sana, hunyamaza."

Ukanigeukia. "Anasemaje?"

Wajua ilivyo kwetu. Mgonjwa hatajiwi baya ambalo bado halijamfika. Ukilitaja, umeliita. Nilifundisha sayansi miaka thelathini, na darasani niliwaambia watoto kwamba uchuro ni hofu tu. Lakini ubaoni hakukuwa na macho yako. Nikasema, "Anasema maumivu yatapungua."

"Basi tumletee ndizi," ukasema.

Binti akatufungulia mlango, akiamini maneno yake yote yamefika.

Na maumivu yalipungua kweli. Yeyote atakayesoma barua hii asidhani mazoezi yalikudhuru. Yalikurudishia usingizi, yalikurudishia kanisa na jembe. Jirani yetu Mama Skola alikuchungulia juu ya ua, wewe umepiga magoti mkekani, akauliza, "Mama Neema, umedondosha sindano?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Nimedondosha mgongo, njoo tuutafute wote." Kila jioni nilikuuliza habari za mgeni wako. "Leo kakaa kimya," ulikuwa ukisema.

Halafu ikaja ile siku uliporudi shambani na kandambili moja. Nyingine ilikuvuka njiani, hukujua mpaka ulipofika mlangoni. Ulicheka sana, nami nikacheka nawe, macho yangu yakiwa kwenye mguu wako. "Mguu umelala tu," ukasema. "Nao umechoka kuuma." Ilikuwa nafasi yangu. Lakini kukueleza siku ile kulimaanisha kukiri kwamba niliruka maneno, na mimi niliyekuwa nikieleza kila kitu sikupata pa kuanzia. Nikajiambia nitasema baada ya gulio la Mugoma. Gulio likapita, na lililofuata nalo likapita.

Asubuhi ya kaa la moto ulikuwa umekaa jikoni unanisimulia harusi ya mtoto wa Mama Skola. Kaa lilidondoka likatua juu ya mguu wako wa kulia, nawe ukaendelea kusimulia. Harufu ilinifikia mimi kabla wewe hujajua lolote.

Kule hospitali yule binti aliuona mguu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, si niliwaambia?"

Ukanigeukia, kama kawaida. "Anasemaje?"

"Anasema pole," nikatafsiri.

Kidonda kikafika kwenye mfupa, mguu ukawa haukubebi tena, na kabla ya maharage mengine kukomaa tulikuzika pale juu ya shamba. Uliondoka ukinishukuru kwa kukuuguza.

Neema yupo hapa wiki hii, kaja kunisaidia kuvuna. Jana aliniuliza, "Mgongo, baba?" Nikamjibu, "Umetulia." Jibu hilo lilinitoka upesi mno. Leo asubuhi, baada ya mazoezi, nilitoka peku nikakanyaga majani. Umande ulikuwa mwingi. Mguu wa kushoto ulisikia baridi. Wa kulia haukusikia kitu. Nikarudi nyuma, nikakanyaga tena palepale. Nikajaribu kukiinua kidole gumba, nacho kikalala kama cha mtu mwingine.

Nilitaka, Mama Neema, kuukunja mkeka na kunyamaza mpaka mavuno yaishe. Kisha nikamwita mtoto wako, nikamweleza habari ya mguu wangu, na kwa kuwa hiyo haielezeki bila yako, nikamweleza yote, neno kwa neno, kama binti yule alivyoyasema.

Akaniuliza jambo moja tu. "Mama alijua?"

"Hapana," nikasema.

Kaenda kutafuta gari, karudi, kapiga magoti mbele yangu na kunivalisha viatu. Cha kushoto nilisikia alivyokikaza. Cha kulia nilimwona tu akifunga kamba, tena kwa nguvu.

Gari linapiga honi. Kama haya yanakufikia huko uliko, sasa unajua alichokisema binti yule.

Ni mimi niliyekuwa nikikutafsiria,
Baba Neema