Kuku Aliyekomboa Gitaa Lako

Mfaume, Mmakonde wewe,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Watu wanasema marehemu asemwe vizuri. Hao si watani zako. Mimi Mmakua, haki ya kukusema vibaya nimeirithi kwa babu yangu, na kufa kwako hakujaifuta.

Kwanza umekufa ovyo. Mtu mzima amepiga gitaa la besi zaidi ya miaka thelathini, halafu anakufa asubuhi kibarazani, kikombe cha chai mkononi, hata chai yenyewe hakuimaliza. Ulikuwa hivyo hivyo jukwaani. Nani aliwahi kukuona ukianza kitu au ukimaliza?

Siku ya mazishi nilifanya kazi yangu ya utani. Kabla hatujakupeleka kijijini kwenu Ziwani, nilivaa kofia yako nikajilaza mlangoni, nikakataa usitolewe. Nikawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mvivu tangu ujana, wenzake walihangaika na nyuzi sita, yeye akachagua gitaa la nyuzi nne ili apunguziwe kazi. Dada zako walicheka huku machozi yanawatoka. Kisha nikaingia chumbani, nikalibeba gitaa lako begani nikaenda kuliweka kwangu, nyumba ya tatu toka kwako. Hakuna aliyenizuia. Alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa ugomvi, kinakombolewa.

Mmoja tu hakucheka, Jabiri, mpwa wako. Najua kwenu mpwa anarithi kwa mjomba, na desturi yenu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na Jabiri. Anajiita mwanamuziki. Anakwenda kwenye harusi na kompyuta na spika mbili kubwa, anabonyeza kitufe, anakunja mikono, watu wanacheza. Umeme ukikatika, mwanamuziki naye amekatika. Hata hujaoshwa, alishalipiga picha gitaa lako kwa simu, akamtumia mwenye hoteli mmoja anayetaka kulitundika ukutani juu ya chupa za soda, wageni wapige nalo picha. Amemwambia ni la zamani, halipatikani tena. Hilo ni kweli. Hata wewe hupatikani tena, mbona hakukutundika?

Analijua nini gitaa lile? Mimi nilikuwepo Kilambo siku ulipolipata. Yule mpigaji kutoka Msumbiji alivuka nalo Ruvuma likiwa limeviringishwa kwenye mkeka, jekundu, limeshazeeka tayari, rangi imebabuka pale mkono unapolalia. Na wewe, kwa akili zako, ukampa magunia ya korosho ya baba yako, yale aliyokutuma ukayauze. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa mpiga solo, nikaona sasa nimepata punda wa kunibebea mizigo. Baba yako hakusema nawe mpaka mikorosho ilipotoa maua tena.

Nyuzi za besi hapa Mtwara utazipata wapi? Zikififia sauti ulizivua, ukazichemsha kwenye sufuria la mkeo, Shemeji Somoe, ukazianika kwenye kamba ya nguo, jioni ukazirudisha. Shemeji alilalamika kwamba wali wake una ladha ya chuma. Mimi nilikuita mpishi wa waya mbele ya bendi nzima, na wewe ulijibu neno moja tu, "Haya." Tukitoka kupiga huko Mnazi Bay, chumvi imeingia kwenye skrubu zote, wenzako tunakwenda kula, wewe umekaa na kitambaa na mafuta ya nazi unalifuta hilo dude kama mtoto mchanga.

Kisha bendi ikafa. Waimbaji wakaenda Dar, mimi nikaliuza gitaa langu nikanunua cherehani. Wewe ukabaki na lako. Kila Ijumaa baada ya sala ulikaa kibarazani na kupiga besi peke yake, besi bila wimbo. Ni mtu gani mwenye akili anasikiliza besi bila wimbo? Nilikupigia kelele toka kwangu unyamaze. Ijumaa ya kwanza bila wewe nilikata kitambaa cha mteja nikakiharibu, suruali nzima, kwa sababu nilikuwa nimetega sikio. Kifo chako kimeniuma, Mfaume. Kimeniuma mpaka nimekasirika.

Basi, gitaa likiwa kwangu, nikaliunganisha kwenye spika yangu kuukuu nikajaribu ule wimbo wetu wa kufungulia dansi, wenye solo yangu ndefu. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku ya pili vidole vilitoka malengelenge. Siku ya tano niliweza kuufuata wimbo, lakini kila nikifika pale solo inapokwisha watu wanarudi kuimba, wimbo unaniponyoka mkononi. Nikasema ni gitaa bovu. Nikasema ni nyuzi zako zilizochemshwa. Mama Hawa, mke wangu, alikuwa anapita na ndoo, akaniangalia tu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wiki ya tatu nilirudi kutoka shamba na njaa, Mama Hawa akanitengea wali na kuku. Nikala. Nikausifu mchuzi. Firigisi iko mdomoni ndipo nikauliza kuku katoka wapi.

"Kaletwa na bodaboda," akasema. "Kasema katumwa na Jabiri, ni wa kukombolea gitaa. Nikajua mmeshaongea."

Umeona mambo hayo? Mkombozi anatakiwa aje mwenyewe, asimame mlangoni, nimtukane mpaka nichoke, ndipo nipokee kuku wake. Huyu katuma kuku kwa pikipiki, kama anatuma kifurushi. Nilitaka kubisha. Lakini tangu mababu hakuna mtani aliyekula kuku wa kukombolea akabaki na kitu. Kuku akishaliwa ameliwa. Nikiling'ang'ania tena si utani, ni wizi, na mjukuu wangu ataambiwa babu yake aliiba msibani.

Nililirudisha siku ile ile. Sikumpa Jabiri, nilimpelekea Shemeji Somoe. Yuko edani, kwa hiyo mdogo wake alilipokea mlangoni, Shemeji akasema nami kwa nyuma ya pazia. Nilitegemea lawama.

"Shemeji," akasema, "nilikuwa nakusikia. Pale solo inapokwisha unakosea. Mume wangu pale alikuwa hapigi. Alikuwa anakungoja. Wewe humngoji mtu."

Miaka yote ile nilikuwa natoka kwenye solo nimelewa sifa, sijui niko wapi kwenye wimbo, nakanyaga tu, nakuta ardhi ipo. Nilidhani ni ustadi wangu. Kumbe ulikuwa unanyamaza mpaka nijikusanye, ndipo unaweka mguu chini ili bendi nzima itue pamoja. Na baadaye ukishuka jukwaani nakuita mvivu, unajibu, "Haya." Ungeniambia hata siku moja, mshenzi wewe.

Arobaini yako ni Jumapili. Baada ya dua ndugu zako watakaa kuamua vitu vyako, na Shemeji anasema mwenye hoteli ameshauliza mara mbili. Utani hauna nguvu tena hapo, nimeula na mchuzi wake. Kwa hiyo nitafanya kitu ambacho hakuna Mmakonde wa ukoo wako aliyewahi kukiona kwangu. Nitakaa mkekani, nitawaamkia mmoja mmoja, Jabiri pia, na nitaomba. Sitaki liwe langu. Nitaomba libaki kwa Shemeji, na Ijumaa baada ya sala niruhusiwe kulipiga kibarazani kwenu, naye akiwa ndani aniambie ninapokosea.

Nikianza kusema watacheka, wakidhani matusi yanakuja. Nitakaa kimya mpaka wanyamaze. Kisha nitawaambia kwamba wewe ndiye uliyekuwa mpigaji, mimi nilikuwa mpiga kelele.

Nakuahidi hilo. Mungu akupe kauli thabiti, Mmakonde, na huko uliko Jumapili usilale, kwa sababu nitalisema mara moja tu.

Mtani wako,
Athumani