Kwa Wifi Perlita, Kuhusu Sauti Iliyokuwa Ikihesabu Nyumbani Kwangu

Mtaa wa Ligtong,
Rosario, Cavite.
14 Septemba, 2019.

Mpendwa Wifi Perlita,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba yule mzee unayemtunza huko Hong Kong siku hizi anakuacha ulale. Sisi hapa tunapumua. Mvua imenyesha wiki nzima na uani pamekuwa dimbwi, lakini paa halikuvuja. Jovy ameng'oka meno mawili ya mbele. Andoy naye ameanza kutukana, na miaka yake mitatu, sijui amejifunzia wapi. Mama yenu Felisa goti linamsumbua, ila kanisani haachi kwenda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua kama watu wa zamani. Simu tunayo moja, wifi, na mdogo wako anaishika kuliko anavyonishika mimi. Barua hii nimempa Delia wa kiwandani, ambaye dada yake anarudi huko Jumatano. Isome ukiwa peke yako.

Mambo yalianza mwezi wa sita. Nulfo alikataa wali wa pili. Unamjua mdogo wako, mtu wa kukwangua sufuria mpaka ukoko. Nikadhani tumbo linamuuma. Wiki ya pili akakataa soda. Wiki ya tatu nikamkuta anafua fulana zake mwenyewe, yeye ambaye tangu anioe hajawahi kujua sabuni inakaa wapi. Mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari. Na bafuni akawa anaimba.

Wewe ungefikiri nini? Na mimi nilifikiri hicho hicho.

Nikaanza kunusa nguo zake. Nilinusa kola, nilinusa kwapa, sikukuta manukato. Nilikuta jasho, tena jasho jingi la mtu aliyekimbia. Sasa mlinzi wa ghala, kazi yake kukaa kitini mpaka kuche, anakimbizana na nani? Nikazipiga hesabu saa zake. Yeye anarudi kutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, mimi saa moja nimeshatoka kwenda kushona. Anabaki na watoto mpaka saa sita, Mama Felisa anapokuja kumpeleka Jovy shule na kumchukua Andoy, ndipo alale. Hapo katikati kuna saa tano ambazo sikuwa na macho nazo.

Halafu Bi Bebang akanivizia dukani. Unamkumbuka, jirani yetu ambaye kati yake na sisi kuna ukuta wa mbao tu.

"Liezel mwanangu, mimi si mtu wa maneno," akaanza.

Mtu akianza hivyo, jua maneno yako njiani. Nikamwambia aseme.

"Kila siku saa tatu asubuhi mumeo anahema humo ndani kama ng'ombe wa kulimia. Na kuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Sijamwona. Nasikia sauti tu. 'Bado! Kumi zaidi! Usilale, mvivu wewe!' Kisha wanacheka. Na watoto nao wanacheka."

"Watoto wapo?"

"Wapo, mama. Hapo ndipo nilipokosa raha."

Wifi, nilisahau hata nilichokwenda kununua. Jioni nikamkalisha Jovy mapajani, nikamuuliza asubuhi anakuja nani nyumbani. Akasema hakuna. Nikamuuliza baba yake anafanya nini.

"Ni siri. Nikisema, sipandi tena farasi."

"Farasi gani, Jovy?"

Akafunga mdomo kwa vidole vyote kumi. Huyo ni damu yenu kabisa, hapindiki.

Kesho yake nilimwambia msimamizi kuwa tumbo limenikata, akaniruhusu. Nilitembea mpaka nyumbani, mwavuli mkononi, na njia nzima nilikuwa nikipanga: nguo za watoto mfuko mmoja, zangu mfuko mwingine, basi la kwenda Samar kwa mama yangu. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyekwisha kulia.

Mlangoni nikasikia kweli sauti ya mwanamke, kali, ikihesabu. "Saba! Nane! Usidanganye, nimekuona!" Nikausukuma mlango kwa bega.

Nulfo alikuwa kifudifudi sakafuni na kaptula tu, mikono inamtetemeka, anajiinua na kujishusha. Andoy amempanda mgongoni, ameyashika masikio yake kama hatamu. Pembeni kuna chupa mbili kubwa za soda zilizojazwa mchanga. Jovy amesimama juu ya kiti na ufagio mkononi kama mwalimu mkali. Simu imeegemezwa kwenye sufuria. Nulfo aliponiona aliipiga kofi ikaanguka chali, akaizima.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza.

"Video tu, Mama Jovy. Ya mazoezi."

"Video ndiyo inakuita mvivu?"

"Zipo za namna hiyo."

"Si video!" Jovy akapiga kelele. "Ni Shangazi Perlita!"

Nikakaa chini na mwavuli wangu. Mwanamke niliyekuwa nikimlaani, mpaka mshumaa kanisani nimemwashia ili apotee, kumbe ni wewe. Nisamehe kwa zile laana, wifi. Baadhi zilikuwa nzito.

Nulfo akatoa karatasi ya zahanati, alikuwa ameikunja ndani ya kofia yake ya ulinzi. Sukari. Tangu Juni. Muuguzi alimwambia apunguze wali, aache soda, na kila siku atoke jasho. Jimu ya barabarani inataka kulipwa kila mwezi, na mtu anayelala mchana na kushinda na watoto asubuhi ataenda saa ngapi? Basi wewe na yeye mkaigeuza sebule yangu kuwa jimu, na wanangu kuwa vyuma vya kunyanyua. Andoy kilo kumi na tatu, Jovy kumi na tisa. Mnajua mpaka uzito wao, mimi mama yao sijui.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakunitazama. "Siku tulipomzika Baba ulisema hutafunga tena kidonda cha sukari maishani mwako. Ulisema afadhali uondoke. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni."

Nilisema kweli. Ule mguu wa baba yenu niliuosha mimi miaka miwili, kabla haujakatwa na baada. Siku ile niliyasema hayo kwa masufuria, nikidhani niko peke yangu.

"Nilikuwa nimechoka tu, Nulfo."

"Na mimi nilikuwa naogopa tu," akasema.

Nikamchapa na mwavuli mara moja kwenye paja. Kisha nikalia, na yeye akalia, na Andoy alipoona hivyo akasema basi na mama apande farasi. Nilipanda. Farasi hakufika hata mlangoni.

Sasa tunafanya wote saa kumi na moja jioni, nikirudi na kabla hajaondoka. Dakika ishirini, wali ukiwa jikoni. Tunacheza mchezo wa kuhamisha magunia, na magunia ni watoto. Tunapanda na kushuka ile ngazi ya mlangoni mpaka wimbo wa redioni uishe. Kiuno kilichokuwa kinaniuma kwa kushona kimeanza kunisahau. Bi Bebang alikuja kuhakikisha kama nimeambiwa ukweli, akabaki. Siku hizi ufagio anaushika yeye, na anatukana kuliko wewe. Sasa najua Andoy anajifunzia wapi.

Mwezi uliopita muuguzi alisema sukari imeshuka, aendelee hivyo hivyo. Lakini simwamini mdogo wako. Namnusa mdomo kila akirudi. Juzi nimekuta pipi mbili ndani ya soksi. Akasema ni za watoto. Watoto gani wanakula pipi za soksi?

Sasa nakuja kwako, wifi. Wewe ulikuwa mtu wa kukodi pikipiki ya kiti cha pembeni kwenda kanisani, na kanisa liko hapo ng'ambo ya barabara. Leo unajua mazoezi ya mgongo, ya paja, ya kisigino, na kwamba mtu wa sukari asitembee peku. Nani alikufundisha? Nulfo anasema umesoma tu.

Lakini kile kipimo ulichomtumia kwenye boksi la zawadi, cha kutoboa kidole, nilikuwa nakibonyeza kutafuta jinsi ya kuongeza sauti ya mlio wake. Kina kumbukumbu. Ndani kuna namba za mwezi wa pili, za mwezi wa tatu, asubuhi na jioni, nyingine kubwa kuliko zote alizowahi kupata Nulfo. Nulfo amepimwa mara ya kwanza Juni. Hizo namba ni za nani, Perlita?

Usiniambie ni za yule mzee. Nilishamuuliza Nulfo, akasema mzee ana kipimo chake.

Mama Felisa sijamwambia kitu. Anakusalimu na anakuombea rozari kila alfajiri. Jovy na Andoy wanakubusu. Bi Bebang anasema hesabu zako ni za haraka mno. Nisalimie Rosalinda unayelala naye chumba kimoja, umwambie nitamuuliza na yeye. Mama Maria akushike mkono kila unapokanyaga.

Jumapili ukipiga simu usituonyeshe uso peke yake. Vua soksi, shusha simu chini, nione miguu yako yote miwili, mbele na nyayo. Nikiona kidonda nitajua la kufanya. Yale maneno niliyasema jikoni kwa uchovu, nawe usije ukayaamini.

Ni mimi wifi yako, anayekupenda na anayekushuku kwa pamoja,

Liezel