Kundi la Vibonde

Jumapili, 18 Agosti
Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke Baní, kwetu Jamhuri ya Dominika. Mgongo unauma. Leo nimekata nyasi za uwanja mzima, nimemwagia udongo maji, nimechora mistari ya chokaa. Halafu Korongo, timu yetu ya besiboli, wakafungwa tisa kwa moja. Safi! Binti yangu Yokasta anaolewa tarehe 7 Septemba na ndege yangu ni Jumanne tarehe 3. Huu ni msimu wa sita nakuja kufanya kazi hapa Ohio, na timu hii haijawahi kuvuka msimu wa kawaida. Ndiyo maana nilikata tiketi mapema.

Jumatano, 21 Agosti
Balaa. Nimemkuta bosi wangu, Dwight, anacheka peke yake na gazeti. Eti tunaongoza kundi! Nikamwambia tumefungwa mara nyingi kuliko tulivyoshinda.
"Wenzetu wamefungwa zaidi, Sebio!"
Nilikuwa nimesahau—mwaka huu ligi imepanga makundi upya. Wametutoa Mashariki kwa wababe, wametutia Magharibi kwa vibonde. Kinara wa kila kundi anaingia mtoano. Kuna timu ya Mashariki imeshinda michezo kumi zaidi yetu, na itakaa nyumbani! Mtoano ni tarehe 5 hadi 8, hapahapa. Viza yangu ni ya kazi hii. Nikiondoka kabla haijaisha, mwakani siitwi.

Jumapili, 25 Agosti
Nimeiombea timu yangu ifungwe. Kanisani!
Imeshinda.

Ijumaa, 30 Agosti
Mke wangu Nurys kapiga simu. Kashajua kila kitu.
"Baba Yokasta, hao wamehamisha timu nzima, wewe unashindwa kuhamisha miguu miwili?"
Nyuma yake Yokasta anasema hapelekwi altareni na mjomba.

Jumapili, 1 Septemba
Mchezo wa mwisho. Mvua tangu alfajiri. Tumeshushwa—timu ya Kulungu ndio vinara sasa, wametuzidi kidogo tu, na wao wameshamaliza michezo yao. Tukishinda leo tunawapita. Mchezo usipochezwa, haurudiwi, na mimi napanda ndege. Nimelala kitandani nikiisikiliza ile mvua kama muziki.

Saa sita mvua ikakata. Tukavuta turubai. Chini yake, karibu na kituo cha kwanza, dimbwi. Mwamuzi akauliza kama panachezeka. Dwight akanigeukia.
"Udongo ni wa Sebio. Muulize yeye."
Neno moja tu lingetosha! Hapana bwana, wataumia. Nani angebisha?
Nikajisikia nasema, "Nipeni saa moja." Mjinga mimi. Nikapiga magoti na sponji na ndoo. Miaka sita sijamwachia mtu udongo mbovu. Na wale vijana nao wana mama zao wanaosubiri simu.

Naandika stoo, nimekalia gunia la mchanga. Mzunguko wa nane kati ya tisa, tunaongoza kwa moja. Nimempigia Nurys, nikamwambia aende kwa padri aulize kama harusi inaweza kusogea wiki moja. Akauliza:
"Kwani mmeshinda?"
"Bado."
"Basi niache nipike. Ukijua utanipigia."

Huko nje uwanja mzima umesimama, wanapiga miguu. Narudi nyumbani Jumanne. Ama hii, ama ya tarehe kumi.